Onyesho la Saa Nne Asubuhi

Kalondu alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja alipoingia kwenye ukumbi wa sinema kwa mara ya kwanza, na mtu aliyekwenda kumwona huko alikuwa mumewe, ambaye wakati huo alikuwa amezikwa miezi minane.

Kabla ya hapo, sinema kwake ilikuwa kitu cha utotoni. Gari la kampuni ya sabuni lilikuwa likipanda Mbooni mara moja kwa mwaka na kutundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule. Watu walionyeshwa jinsi ya kufua nguo, kisha jinsi ya kuchimba choo, na mwisho, kama zawadi, mchezo wa mpira uliochezwa Nairobi miaka mingi nyuma. Baadaye gari likaacha kuja. Kalondu akaolewa na Musyimi, mwalimu wa shule ya msingi, akaanza kulima matuta ya mlimani, maharagwe huku, avokado na matunda damu kule, na mambo ya sinema yakaishia hapo.

Mwalimu Musyimi hakuwa mtu mbaya. Watu wa Mbooni watakwambia hivyo kabla hujawauliza, na ukisikia mtu anatetewa kabla hajashtakiwa, ujue kuna jambo. Hakunywa pombe, hakumpiga mtu nyumbani, na alilipia karo wapwa wawili mpaka wakamaliza. Alikuwa mzee wa kanisa aliyesoma matangazo kila Jumapili bila kuongeza neno. Lakini maneno aliyatoa kama mtu anayetoa mbegu za kupanda. Salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa. Kalamu yake nyekundu haikustaafu siku aliyostaafu yeye. Hata kadi za harusi zilizoletwa nyumbani alizisahihisha kabla ya kuziweka mezani. Kalondu husema kwamba katika miaka thelathini na tisa ya ndoa alimsikia akicheka kwa kufungua mdomo mara mbili tu, na mara zote mbili si yeye aliyemchekesha.

Walizaa watoto watatu. Wavulana wawili walikwenda kufanya kazi, mmoja Nairobi, mmoja Mombasa, wakawa wanarudi Krismasi na unga wa chapati na mafuta ya kupikia kama watoto wa wenzao. Aliyeleta taabu ni kifungua mimba, Mutanu.

Mutanu alipelekwa chuo cha ualimu kwa sababu babake alikuwa mwalimu. Ikiwa imebaki miezi mitano amalize, alikuja nyumbani siku ya Jumatano na kusema hataki tena, kwamba amepata nafasi kwenye saluni ya rafiki yake Emali. Mwalimu alikuwa akila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Alimaliza sahani, akanawa mikono, kisha akasema, "Ukirudi hapa, rudi na cheti."

Hakuna aliyejua kama alimaanisha hivyo hasa. Mutanu aliamua kwamba alimaanisha. Aliondoka kesho yake, na kwa miaka kumi na miwili hakulala tena katika nyumba ile. Alipata mtoto wa kike, akamwita Mumbua, na babu alimwona mtoto huyo mara moja tu, harusini kwa jirani, akamshika kichwani na kumuuliza yuko darasa gani.

Katikati ya baba na binti alikuwa Kalondu. Alimpigia binti yake simu kila Jumamosi akiwa shambani. Alipovuna, alimfungia gunia la maharagwe la kupeleka Emali. Mwalimu hakumkataza hata siku moja. Tena gunia likishafungwa, ni yeye aliyelibeba na kuliweka mlangoni, karibu na njia, mahali ambapo mwenye boda boda angelipata kwa urahisi. Kisha angerudi kwenye kiti chake na redio yake. Kalondu alingoja kwa miaka mumewe aulize, "Mutanu anaendeleaje?" Hakuuliza, naye Kalondu hakumwambia.

Watu wa filamu walifika Mbooni mwezi wa Agosti. Aliyewaongoza ni Ilham Idris, msichana wa Kitui mjini mwenye umri wa miaka thelathini hivi. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani akiuza nguo, akaoa na akazikwa huko huko, kwa hiyo Ilham alizungumza Kikamba kama wauza mboga wa soko la Kalundu. Alikuwa akitafuta nyumba ya mawe iliyo juu ya njia ya mteremko. Hadithi yake ilikuwa ya msichana anayerudi kwao Krismasi baada ya kupotea, na Ilham alitaka baba wa msichana huyo aanze kumwona akiwa mbali, chini kabisa, akipanda. Nyumba ya Mwalimu ndiyo iliyofaa. Walikubaliana siku nne.

Siku ya kwanza Mwalimu aliketi kwenye kiti chake barazani na kuwatazama. Siku ya pili aliomba aonyeshwe karatasi za maneno, akazirudisha zikiwa na alama nyekundu. "Hiki si Kikamba," alimwambia Ilham. "Hiki ni Kiingereza kimevaa shuka." Ilham alizichukua na kuzisoma, akasema asante.

Siku hiyo hiyo zikaja habari kwamba mwigizaji wa Nairobi aliyepaswa kuwa baba ameugua na hatafika. Ilham alitembea uani kwa muda, mikono kiunoni, kisha akamwendea Mwalimu na kumuuliza kama angeweza kujaribu. Kalondu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alitaka kucheka. Mwalimu alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Huyo baba analewa?" aliuliza.

"Halewi, Mwalimu."

"Anatukana mtu?"

"Hapana. Anangoja tu. Halafu binti anafika."

"Ni kazi kama kazi nyingine," akasema, akaingia ndani kubadilisha shati.

Kalondu hakuona lolote katika yaliyofuata. Watu wa kurekodi sauti walisema sufuria zake zinasikika, na kuku wake pia, kwa hiyo alihamishiwa kwa jirani, akawapikia kutoka huko. Jioni Mwalimu alirudi akichechemea. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani. "Wamekufanyisha nini?" alimuuliza. "Kukimbia kidogo," alijibu. Kalondu alimkanda kwa maji ya moto. Siku ya nne watu wa filamu walikunja nyaya zao, na Mwalimu aliwauliza jambo moja tu: filamu inatoka lini? Ilham alisema Disemba ya mwaka ujao, wakati wa sikukuu, maana huo ndio wakati filamu hutoka na watu wana nafasi. Mwalimu akasema ni sawa.

Hakufika Disemba hiyo. Alianguka shambani mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeanza vizuri, na alipofikishwa hospitalini alikuwa ameshakata kauli. Alikaa siku mbili. Daktari alisema ni presha. Katika mazishi walimu wenzake walizungumza, kanisa likazungumza, wana wawili wakazungumza. Mutanu alikuja na Mumbua, akakaa kwenye mstari wa mwisho wa hema pamoja na watu wa mbali. Mwenye kipaza sauti alimwita aseme neno kama kifungua mimba. Alisimama, akasema, "Wadogo zangu wamemaliza," akaketi. Jioni hiyo akarudi Emali.

Ilham alipiga simu katikati ya Disemba.

"Mama Mutanu, pole sana tena na msiba. Filamu imeiva. Tunaanza tarehe ishirini, hapa Kitui, kwa ukumbi wa mjomba wangu Salim. Nataka uwe hapo siku ya kwanza. Nitakutumia gari."

Kalondu alimshukuru, kisha akampigia Mutanu.

"Mwaitu, hii ni Disemba," Mutanu alimjibu mamake. "Watu wote wanasukwa. Leo nimeanza saa kumi na mbili asubuhi na bado foleni imefika mlangoni. Sina nafasi ya kuangalia muvi."

"Ni babako."

"Najua ni nani."

Kalondu hakumsukuma. Tarehe ishirini alivaa gauni la harusi za watu, akafunga kitambaa kipya kichwani, na gari likampitisha Kalawa, wakavuka mto Athi uliokuwa umejaa maji mekundu, wakaingia Kitui kabla ya saa tatu na nusu.

Ukumbi wa Salim ulikuwa ghala la pamba enzi pamba ilipokuwa pamba. Alikuwa ameweka viti mia moja na hamsini, vingi vikiwa vya plastiki, na skrini ukutani mwa mbele. Nje palikuwa na mabango mawili. Kubwa, lenye magari yanayowaka moto na mtu aliyekunja uso, lilikuwa la filamu mpya ya ng'ambo iliyokuwa imefika nchini wiki ile. Ilikuwa na maonyesho ya saa nane na saa kumi na moja. Dogo lilikuwa la filamu ya Ilham, *Siku Nne za Disemba*. Ilikuwa imepewa saa nne asubuhi peke yake. "Mjomba ni mjomba," Ilham alieleza, "lakini viti lazima vijae. Hizi wiki mbili ndizo zinamlisha mpaka Pasaka."

Asubuhi hiyo walikuwa watu arobaini hivi: walimu wachache, vijana wa chuo, akina mama wawili waliotoka sokoni na vikapu vyao. Kalondu aliketishwa mstari wa pili. Taa zikazimwa.

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa mlango wake. Alishangaa jinsi ulivyochakaa. Kisha ng'ombe wake, ambaye alikuwa ameshamuuza, akitafuna bila haraka, na kamba yake ya kuanikia ikiwa na nguo asizozijua. Alikuwa bado anaziangalia hizo nguo, akijiuliza ni za nani, Mwalimu alipotokea mlangoni, mkubwa kuliko mlango wenyewe, akiwa na shati la buluu ambalo yeye Kalondu alilitoa kwa maskini mwezi wa Juni.

Waliokuwa karibu na Kalondu walisema baadaye kwamba hakusogea hata kidogo.

Kwa saa nzima Mwalimu alifanya mambo aliyoyafanya siku zote. Alisikiliza redio, alikata nyasi, alitikisa kichwa kuwasalimia watu. Vijana wa nyuma walicheka kwa kumpenda. Kisha ikafika siku ya nne katika hadithi. Chini kabisa kwenye njia akaonekana msichana aliyebeba begi. Mwalimu akasimama. Akaweka mkono juu ya macho. Akaanza kushuka, kwanza polepole, halafu akaanza kukimbia, yeye na goti lake, mikono ikiwa imetanuka kama anayezuia mbuzi wasitoke. Alipomfikia alimvua begi begani na kulivaa yeye.

"Umefika," akasema. "Mbona hukunipigia simu nije nikubebee mzigo?"

Na akacheka. Alicheka kwa kufungua mdomo, mpaka jino lililokosekana upande wa kulia likaonekana, akamshika msichana shavu, wakaanza kupanda pamoja huku bado akicheka.

Nyuma ya Kalondu mtu mmoja alipenga kamasi. Akina mama wa sokoni walisema "aiya" kwa sauti ya chini. Kalondu aliinuka, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka nje.

Alichohisi hakikuwa huzuni. Alimwambia dada yake baadaye, naye dada yake ndiye aliyenisimulia mimi, kwamba alihisi hasira, hasira kavu kama ya mtu aliyeibiwa. Kile kicheko alikuwa amekingoja miaka thelathini na tisa. Binti yake alikuwa amengoja zile hatua za mteremko miaka kumi na miwili. Kumbe vilikuwepo. Vilikuwepo wakati wote, na akavitoa vyote siku moja kwa msichana mwigizaji wa Nairobi ambaye hata Kikamba chake kilikuwa cha kuazima.

Aliketi kwenye ngazi za ghala. Vijana walikuwa wameanza kujipanga mapema kwa ajili ya filamu ya magari, wakila karanga na kupigana picha mbele ya bango. Ilham akatoka akamkuta hapo, akaketi ngazi ya chini yake.

"Nimekuumiza, mama. Ilifaa nikuonyeshe kwanza nyumbani."

"Yale maneno uliyaandika wewe?"

"Yapi?"

"Ya mzigo."

Ilham alitikisa kichwa. "Mimi niliandika, 'Karibu nyumbani, binti yangu mpendwa.' Aliyakataa. Alisema hakuna baba wa Mbooni anayesema hivyo. Nikamwambia, basi sema vile baba wa Mbooni angesema. Akaniomba dakika kidogo. Alienda nyuma ya ghala la mahindi akakaa, akakaa, mpaka mpiga picha akaanza kulalamika jua linapotea. Aliporudi akasema yuko tayari." Akaongeza: "Tulipiga mara mbili. Ya kwanza haikufaa."

"Kwa nini?"

"Alikosea jina. Yule msichana kwenye hadithi anaitwa Ndululu. Yeye akasema, 'Mutanu, umefika.' Nikamwambia, Mwalimu, ni Ndululu. Akasema, samahani, uzee huu. Ndiyo tukarudia bila jina lolote. Mimi wakati huo sikujua una binti, mama. Tulikuita Mama Mutanu kila siku, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba Mutanu ni mtu."

Kalondu alitazama foleni ya vijana.

"Hicho kipande bado unacho?"

"Ninacho. Huwa hatutupi. Nikutumie?"

Alifikiri. "Usinitumie," akasema. "Kaa nacho."

Siku zilizofuata mambo yakaenda bila kumwuliza. Ilham alikuwa ameweka mtandaoni kipande kifupi cha kutangazia filamu, na kipande chenyewe kilikuwa kile cha mzee anayekimbia mteremkoni. Disemba watu wako nyumbani, simu ziko mkononi. Kilizunguka Makueni yote. Tarehe ishirini na tatu mteja mmoja aliyeketi kwenye kiti cha saluni ya Emali alikifungua, akacheka, akainua simu ili msusi wake naye aone. Mutanu alikuwa ameshika nywele za mteja zimegawanywa mara tatu. Aliangalia mpaka mwisho, akamaliza ule msuko, akamaliza na mwingine, kisha akatoka nyuma ya saluni na kumpigia mamake.

"Nimemwona," alisema.

"Ndiyo."

"Amefundishwa vizuri. Mimi pia ningefundishwa ningekimbia hivyo."

Kalondu hakuwa amepanga kumwambia. Lakini uongo ukiachwa ukae hupata mizizi, na huu ulikuwa uongo, ingawa Mutanu hakujua. Akamwambia yote aliyoyasikia kwenye ngazi: maneno yaliyokataliwa, kukaa nyuma ya ghala, jina.

Mutanu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu," akasema, "simu alikuwa nayo. Namba yangu ilikuwa kwa ukuta, uliiandika wewe mwenyewe kando ya kalenda. Miaka kumi na miwili. Anamwambia msichana wa watu mbona hukunipigia. Na yeye?"

Kalondu aliitazama ile namba kando ya kalenda.

"Sitaki hicho kipande," Mutanu akasema.

"Sijakwambia ukichukue."

Krismasi ilipita. Wavulana walikuja na wake zao, wakala mbuzi, na mmoja wao akaonyesha kipande kile kwa watoto, nao watoto wakawa wanakimbia kwenye mteremko wakimwigiza babu yao mpaka mmoja akachubuka goti. Hakuna aliyewakataza.

Filamu ya Ilham ilikuwa imepangiwa kuonyeshwa mara ya mwisho tarehe mbili Januari. Jioni ya tarehe moja Mutanu alituma ujumbe: kesho nafunga saluni, wewe utakuwa Kitui? Kalondu akajibu kwamba atakuwa.

Walikutana mlangoni. Mutanu alikuwa amekuja na Mumbua, ambaye alikuwa na miaka kumi na alikuwa amevaa viatu vipya vya sikukuu. Waliamkiana kwa mikono. Kwa sababu ya kile kipande cha mtandaoni ukumbi ulijaa asubuhi hiyo, watu wengine wakasimama ukutani, na Salim mwenyewe alikuwa akibeba viti kutoka mkahawa wa jirani. Walipata viti vitatu mfululizo. Mumbua alikaa katikati.

Wakati huu Kalondu alitazama mpaka mwisho. Yaliyokuwa baada ya kile kicheko hakuwa ameyaona: baba na binti wanafika uani, binti anakaa kwenye kiti cha babake bila kujua, na Mwalimu anasimama tu pale, begi bado begani, hajui akae wapi. Watu walicheka. Mumbua alicheka kuliko wote, akamgusa mamake mkono.

"Huyo ndiye babu?"

"Ndiye."

"Alikuwa anachekesha."

Taa zilipowashwa Mutanu alikuwa na macho makavu. Alitafuta kitambaa kwenye mkoba wake na kumfuta mtoto makombo ya karanga mdomoni. "Goti lilikuwa linamuuma," alimwambia mamake. "Umeona alivyokanyaga kwa ukingo wa wayo?"

"Nilimkanda usiku huo."

"Basi," Mutanu alisema, na wakatoka.

Ilham alikuwa nje akiagana na watu. Alimtambua Mutanu bila kuambiwa, maana alikuwa na paji la uso la babake. Walisalimiana. Ilham alianza kusema jambo na Mutanu akamwahi. "Mama ameniambia. Asante. Si leo."

"Wakati wowote," Ilham alisema.

Siku hiyo Mutanu hakurudi Emali. Hakuna aliyemwomba. Alisema tu kwamba Mumbua hajawahi kuona Mbooni vizuri, kwamba siku ya mazishi mtoto alikuwa na homa. Walifika mlimani jioni kukiwa na ukungu. Mutanu alipofika chini ya njia alisimama akaitazama nyumba, akarekebisha mkoba begani, akapanda. Kalondu alikuwa mbele na hakugeuka nyuma, kwa makusudi. Walilala huko siku tatu. Mutanu alimsuka mamake, akafagia chumba chake cha zamani, na hakuketi kwenye kiti cha barazani. Mumbua ndiye aliyekikalia.

Sitaki kusema kwamba Mutanu alimsamehe babake. Kalondu mwenyewe hasemi hivyo. Alimuuliza mara moja, wakichuma matunda damu, na Mutanu akajibu kwamba hajui, kwamba mtu aliyekufa huwezi kumsamehe wala kumnyima, unabaki tu naye. Mwezi wa Machi alimpigia Ilham simu na kuomba kipande. Alikitazama peke yake saluni kabla ya kufungua. Alichomwambia mamake ni kwamba kina urefu wa sekunde kumi na nane na kwamba upepo ulikuwa mwingi.

Sasa huja Mbooni sikukuu na mwezi wa nane, shule zikifungwa. Yeye na mamake hugombana kuhusu mambo madogo, chumvi, nguo za mtoto, kama inavyostahili.

Kwa Kalondu kilichobadilika zaidi ni jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Disemba iliyofuata Ilham hakuwa na filamu yoyote. Alikuwa bado anatafuta wafadhili wa nyingine. Lakini Salim alimtumia Kalondu salamu kwamba mlango uko wazi kwake na hatalipa kiingilio. Akaenda. Wakati huo ilikuwa imefika filamu mpya ya ng'ambo kuhusu mtu anayeishi baharini na kupigana na wanyama wakubwa mfano wa nyumba. Aliitazama onyesho la saa nane, katikati ya vijana waliomkalisha vizuri na kumpa karanga. Alilala kidogo katikati. Alipoamka yule mtu bado alikuwa anapigana.

Dada yake alimuuliza ilikuwa filamu gani.

"Ya kelele," Kalondu alisema. "Lakini maji yake ni mazuri. Mwaka ujao nitaenda na Mumbua."